Oili ya Subaru Yenye Turbo: Uaminifu Haukai kwenye Jina la Chapa

Colin McRae aliposhinda Safari Rally mwaka 1997 akiwa na Impreza, Subaru ilipata Kenya mashabiki ambao hadi leo hawahitaji kubembelezwa. WRX na STI, Subaru zenye turbo zilizotumika Japani, zimejaa Nairobi, na Dar es Salaam nazo zipo za kutosha. Tatizo ni kwamba karibu kila moja hufika bila historia ya sevisi inayoeleweka, kisha hupokewa na ushauri wa aina kumi kuhusu oili. Fundi mmoja atasema joto la kwetu linataka oili nzito, 20W-50 ile ile anayoimwagia pikapu ya zamani. Mwingine atasifia 0W-20 kwa sababu ndiyo inayowekwa kwenye magari mapya. Kwa injini hii, wote wawili wamekosea.

Kwanza tuiangalie injini yenyewe. EJ20 na EJ25 za magari haya zina silinda nne zilizolala, mbili kila upande, na turbo inayoendeshwa na moshi wa ekzosi. Shafti ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachoizuia isisage chuma kwa chuma ni utando mwembamba wa oili. Oili hiyo hiyo ndiyo inayoshika beringi za konrodi, sehemu ambayo EJ nyingi hufia. Mwenye gari husikia injini imenoki na kazi imekwisha. Kwenye matoleo mengi, njia ya oili inayokwenda kwenye turbo ina boliti yenye tundu, na ndani yake mna kichujio kidogo cha wavu. Oili dhaifu ikiungua na kuacha masizi, wavu huo huziba. Turbo hukauka na kusagika, na vipande vyake vikiingia kwenye mzunguko wa oili, bili inahama kutoka turbo hadi injini nzima. Ukinunua gari la namna hii, mwambie fundi akague boliti hiyo kabla hamjaanza kubishana juu ya chapa.

Sasa namba za kwenye galoni. Kwenye 5W-30, sehemu ya kwanza inahusu baridi: oili ya 5W hupimwa kama injini itaweza kuwaka kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, na ya 0W kwenye nyuzi 35 chini ya sifuri. Nairobi haijawahi kukaribia huko, kwa hiyo hakuna sababu ya kulipia tofauti kati ya 0W na 5W. Namba ya pili hueleza mnato kwenye nyuzi joto 100. Daraja la 30 liko kati ya 9.3 na 12.5 kwa kipimo cha milimita za mraba kwa sekunde, na daraja la 40 huanzia 12.5 hadi 16.3.

Lakini beringi ya injini ya turbo inayokanyagwa haiishi kwenye nyuzi 100. Kuna kipimo kingine kinachofanywa kwenye nyuzi 150, oili ikiwa inakatwa kwa kasi kubwa kama inavyotokea ndani ya beringi. Ni kipimo ambacho wauzaji wengi hawakitaji, na kwa mwenye gari la kasi ndicho chenye uzito kuliko vyote. Viwango vya SAE vinaruhusu daraja la 30 lishuke hadi 2.9 kwa kipimo hicho, ilhali 5W-40 haitakiwi kushuka chini ya 3.5. Na hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa: galoni mbili zote zimeandikwa 5W-30, moja ina alama ya ACEA (chama cha watengenezaji magari wa Ulaya) ya A5/B5, nyingine A3/B4. Ya kwanza ni nyepesi kwa makusudi, ili kupunguza mafuta yanayotumika. Ya pili lazima ifike 3.5. Ni namba ile ile mbele ya kopo, na ulinzi tofauti kabisa.

Vitabu vya Subaru vya injini hizi vimezoea kutaja 5W-30. Kwa gari ambalo halijaguswa na linakwenda kazini na kurudi, ningebaki hapo, ila nitafute yenye A3/B4. Kwa linalokimbizwa Jumapili au lililoongezewa presha ya turbo, 5W-40 yenye A3/B4 ndiyo chaguo langu. Ile 20W-50 ya pikapu asubuhi ya baridi ni nzito mno na huchelewa kufika juu kwenye turbo. Isitoshe, nyingi za bei rahisi bado zina daraja la SF la API (Taasisi ya Petroli ya Marekani), ambalo lilikusudiwa injini za 1988 kurudi nyuma. Tafuta SN, lililoanza 2010, au SP la 2020. (Mwenye BMW M3 ya E46 asiazime ushauri huu, BMW wenyewe waliitakia injini ile 10W-60. Kitabu cha gari lako kina nguvu kuliko makala hii.)

Maneno ya kusema oili ni ya sintetiki asilimia mia nayo yasikulevye. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Mobil walilalamika Marekani kwamba Castrol wanaita sintetiki oili iliyotokana na mafuta ghafi yaliyosafishwa kwa kiwango cha juu. Chombo kinachosimamia ukweli wa matangazo kikaamua kuwa Castrol wana haki ya kufanya hivyo. Tangu hapo neno hilo limebaki la kibiashara zaidi kuliko la kikemia. Oili za namna hiyo nyingi ni nzuri. Ninachosema ni kwamba neno peke yake halithibitishi kitu.

Kinachothibitisha ni mtu wa tatu. Alama za ACEA mtengenezaji hujitangazia mwenyewe. API hutoa leseni, na orodha ya wenye leseni iko wazi kwenye intaneti; ukikuta chapa inajigamba kwa SP na haimo, iache dukani. Mercedes-Benz na BMW huenda mbali zaidi: oili hujaribiwa, ikifaulu huidhinishwa na kuingia kwenye orodha yao. Soma kwa makini, kwa sababu lebo inayosema oili imeidhinishwa na Mercedes kwa kiwango cha 229.5 na ile inayosema oili inafaa kwa magari yanayohitaji kiwango hicho haziahidi kitu kimoja. Huna haja ya kuwa na Mercedes ili ufaidike na mtihani huo. Mimi nikikuta 5W-40 yenye idhini kamili ya 229.5, sijali jina lililo juu ni maarufu au la.

Yote hayo yanaanguka ikiwa kilichomo kwenye galoni sicho kilichoandikwa. Kirinyaga Road ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam kuna wafanyabiashara waaminifu tele, ila kuna pia wanaojaza oili chafu iliyochujwa kwenye makopo ya chapa zinazoheshimika. Usidanganyike kwamba utaitambua kwa kuipaka vidoleni au kwa rangi, rangi hutiwa. Alama ya shirika la viwango, KEBS kwa Kenya au TBS kwa Tanzania, ni mahali pa kuanzia, nayo pia hughushiwa. Mwulize mwagizaji wa chapa hiyo nchini ni maduka gani anayauzia, linganisha namba ya toleo kwenye kopo na kwenye katoni, na oili ikiuzwa nusu ya bei ya maduka mengine, jibu umeshalipata. Oili ikishamwagwa, toboa kopo lako mwenyewe kabla halijaondoka gereji, lisije likajazwa tena.

Na stiki ya oili usiisahau. Injini hizi hunywa oili kidogo hata zikiwa nzima, na kiwango kikishuka, kona moja kali yatosha pampu kuvuta hewa. Pima kila unapojaza tangi, gari likiwa mahali tambarare. Foleni za Nairobi na Dar es Salaam huchosha oili huku kilomita zikisoma kidogo, kwa hiyo kilomita 5,000 au miezi sita, kinachotangulia, si ubadhirifu. Mwenye shaka anaweza kupeleka sampuli ya oili iliyotumika kwenye maabara zinazohudumia mitambo ya migodi: risasi na shaba zikipanda, beringi zinalika, silika ikipanda, kichujio cha hewa kinapitisha vumbi.

Kama fedha hazitoshi kwa vyote, nunua oili ya bei ya kati yenye idhini, kwa msambazaji anayetoa risiti, na uibadilishe mapema. Hiyo ni salama kuliko oili ghali ya duka usilolijua inayokaa kilomita 10,000.