Jinzi ya kiume: Angalia paja na msamba kabla ya namba

Baraka. Robota la mitumba linapofunguliwa sokoni, jinzi haichukui muda kupata mtu. Kijana anavuta moja, anasoma namba ya kiunoni, anaona ni yake, analipa na kuondoka. Kesho yake anapanda pikipiki na kusikia mshono wa msamba ukiachia. Pesa imekwenda, na pantalo imekuwa tambara la kufutia pikipiki.

Katika mji huu wa pwani ya Ziwa Tanganyika, jinzi ni nguo ya kazi na nguo ya kutokea. Ileile ya kubebea abiria siku za wiki hufuliwa na kupigwa pasi kwa ajili ya ibada ya Jumapili. Kwa anayenunua moja na kukaa nayo mwaka mzima, kukosea kuchagua ni hasara kubwa.

Kanuni ya kukumbuka ni moja: yapo ambayo fundi cherehani anaweza kuyarekebisha, na yapo asiyoyaweza. Nunua kwa kuangalia yale asiyoyaweza.

Urefu si tatizo, pindo hukatwa. Mguu mpana hupunguzwa. Kiuno kikizidi inchi moja au mbili hubanwa kwa nyuma, ingawa kikibanwa zaidi ya hapo mifuko ya makalio hukaribiana na suruali hukaa vibaya. Lakini paja likibana, au sehemu ya kutoka ukanda hadi msamba ikiwa fupi, fundi hana la kufanya, maana mshono wa jinzi hauachi akiba ya kitambaa ndani.

Namba isikudanganye

Lebo yenye W32 L34 ina maana kiuno cha inchi 32, sawa na sentimita 81 hivi, na mguu wa inchi 34 kwa ndani, kutoka msamba hadi pindo. Ila robota moja huweza kuchanganya nguo za nchi nyingi. Jinzi iliyoandikwa 42 kwa vipimo vya Ufaransa inakaribia 32 ya Marekani. Pia viwanda havipimi sawa, na nguo iliyokwisha kuvaliwa huwa imetanuka au imerudi.

Kwa hiyo nenda sokoni ukijua vipimo vyako. Mwombe fundi akupime kiuno, makalio na paja kwa futikamba, uviandike kwenye simu. Njia rahisi zaidi ni kupima suruali unayoipenda nyumbani, kisha kutafuta inayolingana nayo.

Pasipo na mahali pa kujaribia, wengi hutumia shingo: funga kifungo cha suruali, ikunjue ukanda wake, kisha uuzungushe shingoni. Ncha zikikutana kisogoni bila kuvuta, kiuno kinakaribia kukutosha. Hayo ni makadirio tu, na hayakuambii lolote kuhusu paja. Ikiwezekana, ivae juu ya kaptura, kisha chuchumaa, inua goti na ukae kama uliye juu ya pikipiki. Ukanda ukishuka na kuacha mgongo wazi, au kitambaa kikivuta msambani, irudishe.

Mkato na mwili

Modo, yaani jinzi ya kubana mguu mzima, humfaa mwembamba asiyefanya kazi ya kuinama. Mwenye mapaja manene, kama mcheza mpira, atafute yenye nafasi pajani na inayopungua kuanzia gotini kushuka. Mguu ulionyooka, wenye upana uleule kutoka goti hadi chini, huwafaa wengi na haupitwi na wakati haraka. Pana nazo zimerudi, kama bugaluu za miaka ya 1970 zilivyowahi kutamba, ila mfupi akivaa pana na ndefu huonekana mfupi zaidi.

Hali ya hewa nayo ina neno. Joto la ziwani linataka kitambaa chepesi kinachopitisha hewa. Anayepanda kwenda Minembwe, kwenye baridi ya milimani, atashukuru kuwa na jinzi nzito. Pamba tupu hudumu zaidi. Yenye mpira kidogo hunyumbuka na kumsaidia anayekaa muda mrefu, lakini mpira ukichoka, magoti hutokeza na hayarudi.

Kwa mitumba, igeuze ndani nje na uishike juu ya mwanga. Kitambaa kikiwa chepesi kati ya mapaja au makalioni, hapo ndipo kitakapotoboka. Pandisha na kushusha zipu mara tatu, kisha vuta vitanzi vya mkanda.

Asili yake ni kazi

Ukaguzi huo unarudi kwenye chanzo cha nguo yenyewe. Mei 20, 1873, fundi cherehani Jacob Davis wa Reno na mfanyabiashara Levi Strauss wa San Francisco walipewa hataza Marekani ya kuimarisha mifuko ya suruali kwa ribiti za shaba. Suruali za vibarua zilikuwa zikichanika palepale kila mara. Kwanza ilitakiwa kuhimili kazi, urembo ukafuata.

Kongo ni nchi ya La Sape, iliyompa Papa Wemba jina la mfalme wa watanashati. Lakini hata anayependa kupendeza hatapendeza ndani ya nguo inayombana kila anapoketi.

La mwisho: jinzi mpya ya pamba ifue kwanza, ndipo umpelekee fundi aikate pindo. Pamba hurudi ikipata maji, na ukikata kabla ya kufua, utajikuta na suruali ya kuvukia mto. Ipimie ukiwa umevaa viatu unavyovitumia kila siku.