Fahamu: Viza za kazi ya kuhudumia wazee Australia

 Kwa anayetaka kuhudumia wazee nchini Australia, zipo njia mbili za kuzijua.

Ya kwanza ni viza ya mwanafunzi, namba 500. Tangu Julai 2023, inaruhusu kazi ya saa 48 kwa kila wiki mbili za masomo. Tangu Julai 2025, ada ya maombi ni dola 2,000 za Australia.

Ya pili ni kudhaminiwa na mwajiri kwa viza namba 482, chini ya mkataba maalumu wa sekta ya wazee ulioanza Mei 2023. Mwajiri lazima kwanza aelewane na chama cha wafanyakazi. Mwombaji huhitaji Cheti cha III cha mafunzo ya ufundi ya kazi hiyo, au uzoefu wa miezi 12. Akihudumu miaka miwili kwa ajira kamili, mwajiri anaweza kumpendekeza kwa ukaazi wa kudumu.

Jihadhari: kuuza au kununua udhamini ni kosa kisheria. Anayekuuzia anakuibia, usiuze shamba la familia kumlipa.