Tazama Chini Kabla ya Kumfungulia Kuku



Jamaa zetu wengi wa Pwani leo wana makazi bara, hasa katika njia ya Thika, ambako Ruiru na Thika yenyewe zimekuwa miji mikubwa. Wamehama na desturi zao, na mojawapo ni kufuga kuku wa kienyeji uani. Hivi karibuni tulikaribishwa na mama mmoja mtu mzima pembezoni mwa Ruiru. Alituonyesha banda lililokuwa na kuku thelathini na sita. Siku ile tulihesabu tisa tu. Wengine hawakuibwa wala hawakuchukuliwa na mwewe. Walifunguliwa katika kiwanja kipya chenye majani mabichi, na kabla ya siku kumi kutimia, ishirini na saba walikuwa wamelegea shingo wakafa.

“Wanangu,” alitwambia, “mimi nilitazama juu kumchunga mwewe. Chini sikutazama.”

Mayai ya kuku wale ndiyo yaliyokuwa yakilipa nauli na madaftari ya wajukuu zake wawili. Daktari wa mifugo alipopita kiwanjani alikuta mzoga wa paka ndani ya majani marefu, umejaa funza. Mzoga unapooza huzaa sumu kali. Funza huibeba bila kudhurika, na kuku anayewadonoa hupooza shingo, mbawa na miguu. Kuku wa kwanza waliofia majanini bila kuonekana wakawa mizoga mipya, na wenzao wakafuata.

Tumeona vyema tuyaandike tuliyojifunza pale, kwani malisho hayawi salama kwa kuwa ni mabichi.

La kwanza ni kuijua historia ya ardhi. Viwanja vingi vya Ruiru na Thika vimekatwa katika mashamba ya zamani ya kahawa. Mibuni ya huko ilinyunyiziwa dawa za shaba kwa miaka mingi kuzuia kutu ya majani na ugonjwa wa buni changa. Ndiyo maana kituo cha utafiti cha Ruiru kilitoa mwaka 1985 aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11, inayostahimili maradhi hayo kwa dawa chache. Shaba haiozi, hubaki udongoni. Juu yake yamekuja mabaki ya ujenzi: misumari, vipande vya waya, vigae, rangi kuukuu na betri za magari. Kuku hudonoa kila kinachong’aa. Msumari humtoboa firigisi. Madini ya risasi yaliyomo katika betri na rangi za zamani humdhuru taratibu, tena huingia katika yai analokula mtoto. Kwa hiyo mahali palipochomewa taka au kutengenezewa magari pasiwe malisho kabisa, na mwenye shaka apeleke udongo wake kupimwa. Maabara za KALRO zilizoko Kabete hufanya kazi hiyo.

La pili ni kulitembea eneo lote kwa miguu, ndoo mkononi, hatua kwa hatua, kabla ya kufungua mlango wa banda. Majani marefu yafyekwe yabaki mafupi, kwa sababu huficha mzoga na nyoka, na nyasi ndefu ngumu hujisokota ndani ya gole la kuku zikamziba. Majani na maganda ya parachichi, mti uliojaa sehemu zile, ni sumu kwa ndege; mbegu za mbarika nazo ni sumu. Chambo cha panya kisiwekwe kuku wanapofika. Jirani akinyunyizia mboga zake dawa, kuku wafungiwe siku hiyo, na wasirudi karibu na ua wake mpaka muda ulioandikwa kwenye chupa ya dawa upite.

La tatu ni maji na zamu. Upande wa mashariki wa Ruiru kuelekea Juja una udongo mweusi wa mfinyanzi ambao hutuamisha maji wakati wa masika na vuli. Unyevu huo ndio unaokomaza vijidudu vya ugonjwa wa kuhara damu, ambao huua vifaranga kwa haraka. Basi palipotuama pachimbiwe mfereji, na maji ya kunywa yawekwe katika chombo safi kilichoinuliwa. Malisho yagawanywe sehemu nne, kuku wale moja huku tatu zikipumzika na kupigwa jua. Tusijidanganye kuwa mapumziko hayo humaliza kila kitu: mayai ya minyoo huweza kukaa udongoni zaidi ya mwaka. Hata hivyo mzigo hupungua, na dawa ya minyoo hupata nafasi ya kufanya kazi. Vifaranga wachanga wasitangulizwe katika ardhi iliyokanyagwa na kuku wakubwa.

La nne ni maradhi yanayotoka nje. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Nasi twaongeza kuwa kamba hiyo ifungwe mbali na wenyeji kwa wiki mbili au zaidi. Kideri huweza kulimaliza banda zima, na hakina tiba. Kinga yake ni chanjo, inayorudiwa kwa ratiba ya daktari wa mifugo. Kuku akifa, asitupwe vichakani. Azikwe kwenda chini sana au achomwe, siku hiyo hiyo.

Mwewe, kipanga, nguchiro na mbwa wazururao tumewaweka mwisho kwa makusudi, kwa kuwa hao kila mtu anawakumbuka. Vichaka vifupi au vibanda vya makuti humpa kuku pa kukimbilia kivuli cha mwewe kinapopita. Wavu wa matundu madogo, uliofukiwa chini kiasi cha shubiri moja na nusu, humzuia mnyama anayechimba.

Kwetu sisi jambo hili lina uzito mwingine. Wanazuoni wamemzungumzia jallala, yaani mnyama ambaye najisi ndiyo chakula chake kikubwa, na imepokewa kuwa Ibn Umar, Allah awawie radhi yeye na babake, alikuwa akimfungia kuku wa namna hiyo siku tatu kabla ya kumla. Imepokewa pia katika Sahihi ya Bukhari kuwa mtu mmoja alisita kula kuku kwa kuwa alimwona akila uchafu, Abu Musa al-Ash’ari akamkaribisha, akimweleza kuwa yeye amemwona Mtume (s.a.w.) akila kuku. Kuku ni halali yetu na hatuna haja ya wasiwasi. Lakini siku tatu za kumfungia hazitoi madini ya risasi wala masalia ya dawa mwilini mwake. Hayo huzuiwa kwenye malisho, kabla hayajafika sahanini.

Tulipoaga, mama yule alikuwa amekwisha kugawa kiwanja chake kwa wavu. Wajukuu wawili walikuwa katika robo ya kwanza, wameinama, wakiokota. Walijaza ndoo mbili: misumari, vigae vya chupa, mfuko wa saruji, na kipande cha betri ambacho bibi yao alikichukua mwenyewe kwa kitambaa, akawaamuru wakanawe mikono. Kuku tisa walikuwa bado bandani, wakipiga kelele za kutaka kutoka.

“Wangoje,” akasema. “Robo bado haijesha.”

Nasi wa Pwani, tunaowafungulia kuku wetu kila alfajiri bila ya kutazama uani kuna nini, tumwige. Wabillahi tawfiq.