Kusafirisha Ng'ombe Wakati wa Mvua, Toka Masisi Mpaka Walikale

Ninyi wenye ng'ombe wa milima ya Masisi, na ninyi wachuuzi mnaopeleka nyama kwa wachimbaji wa Walikale, someni maneno haya kabla ya kufungua zizi.

Tumfikirie mtu mmoja. Anatoka malishoni na ng'ombe kumi. Kila mmoja ana uzito wa kilo 300. Anafika sokoni na ng'ombe kumi. Anafurahi, anasema: "Safari ilikuwa njema, hata mmoja hakufa." Sasa tumhesabie. Njiani ng'ombe wamenyeshewa, wamelala njaa, wamekimbizwa kwa fimbo. Kila mmoja amepungua kilo 30. Kumi mara thelathini ni mia tatu. Basi ng'ombe mzima mmoja amepotea. Hakuna mwizi aliyemwiba, wala chui aliyemla. Mvua na haraka ndizo zilizomla.

Wengi husema kwamba ng'ombe huharibika kwa sababu njia ni ndefu. Sivyo. Njia ndefu haimshindi ng'ombe anayelala pakavu, anayekula, na anayepumzika. Kinachomwangusha ni kuloa, njaa, kubanwa na kukimbizwa. Mambo hayo manne yamo mikononi mwako wewe mwenyewe.

1. NJIA YENYEWE

Masisi ni nchi ya milima na majani. Sehemu nyingi zinapita meta 2000 juu ya bahari, na usiku kuna baridi na ukungu. Walikale ni nchi ya mwitu mkubwa, yenye joto na unyevu. Mji wenyewe uko chini ya meta 1000. Huko ng'ombe ni wachache, lakini watu wa machimbo ni wengi. Katika miaka ya 2000, wachimbaji walipojaa Bisie kutafuta kasiteriti, vyakula vyao vingi vilitoka mbali. Vingine vilishuka kwa ndege zilizotua juu ya barabara pale Kilambo. Vingine vilibebwa mgongoni katika njia ya mwitu toka Njingala. Ng'ombe ni mzigo wa namna nyingine: anajibeba mwenyewe. Kwa hiyo watu humdhani kuwa ni mzigo usio na gharama. Gharama ipo, ila inatoka katika nyama yake.

Njia ya Sake, Masisi, Nyabiondo, Kashebere na Kibua inashuka toka baridi mpaka joto. Mvua ni kubwa toka Septemba mpaka Desemba, tena toka Machi mpaka Mei. Wakati huo barabara hugeuka tope, na mito Osso na Lowa hujaa. Ukiweza kuchagua, safiri mwezi wa Juni au Julai. Lakini tunajua kwamba ada ya shule na deni la hospitali havingoji kiangazi. Basi, ukilazimika kusafiri katika mvua, safiri kwa akili.

Tena, uliza habari za njia siku ileile ya kuondoka, wala usitegemee habari za juma lililopita. Mwezi wa Machi 2025 vita vilifika mpaka Walikale mjini. Ng'ombe waliofungiwa njiani kwa siku nne bila majani huharibika kuliko waliobaki nyumbani.

2. KWA NINI MVUA INAMDHURU NG'OMBE

Manyoya ya ng'ombe yakiwa makavu hushika hewa ya moto karibu na ngozi, kama blanketi. Yakiloa hulala juu ya ngozi, na hewa ile hutoka. Halafu upepo ukipita, joto la mwili huondoka upesi. Ng'ombe analazimika kuchoma mafuta na nyama yake ili apate joto. Hizo ndizo kilo unazopoteza.

Lakini ng'ombe ana moto wake wa ndani. Majani yakikaa katika tumbo lake kubwa hufanya joto yanapochacha. Tumbo lililojaa majani makavu ni jiko linalowaka usiku kucha. Tumbo tupu ni jiko lililozimika. Kwa hiyo, mvua ikinyesha jioni, kumlisha ng'ombe ni bora kuliko kumwashia moto.

Katika nchi za baridi, kama Marekani, watu husafirisha farasi mbali sana wakati wa theluji, ndani ya gari lililofungwa nyuma ya motokari. Wamejifunza mambo mawili yanayotufaa sisi pia. Jambo la kwanza: usizibe madirisha yote kwa kuogopa baridi. Mkojo hutoa harufu kali inayochoma mapafu, na mnyama aliye pakavu huvumilia baridi kuliko hewa mbovu. Jambo la pili: usimfunge mnyama kichwa juu kwa saa nyingi. Mnyama huinamisha kichwa ili makamasi na vumbi vitoke katika koo. Asipoweza kuinama, uchafu hushuka katika mapafu, na baada ya siku chache anaugua homa ya mapafu. Mwenyewe husema ni baridi iliyomwua. Kumbe ni kamba fupi.

3. KABLA YA KUONDOKA

Juma moja mbele, mwite mganga wa mifugo awapime ng'ombe na kukupa karatasi ya safari. Usiione karatasi hiyo kuwa ni kodi tu. Ng'ombe mgonjwa akipita katika vijiji kumi, huacha ugonjwa katika malisho ya vijiji kumi.

Tazama chini ya masikio. Ukiona uvimbe mgumu, na mwili una joto, na ng'ombe anahema upesi, huenda ni ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe. Huyo asisafiri. Uchovu utamwua, na kupe watakaoshuka toka mwili wake watawapa wengine ugonjwa. Wale wazima waogeshe dawa ya kupe.

Wafuatao wabaki nyumbani: anayechechemea, ng'ombe jike aliye karibu kuzaa, ndama aliyeachishwa maziwa juzi, na yeyote asiyekula.

Siku ya safari wape majani makavu na maji asubuhi. Usiwashibishe majani mabichi yenye umande, kwa sababu wataharisha, na sakafu ya kamyo itakuwa utelezi.

4. SAFARI KWA MIGUU

Mwendo wa siku moja usipite kilometa 15 au 20. Katika tope zito, 10 zinatosha. Ondoka mapema, pumzisha wakati wa adhuhuri, na fika kituoni saa kumi ya jioni, ili ng'ombe wapate kula kabla ya giza. Ng'ombe mkubwa ataka maji lita 30 mpaka 50 kwa siku, hata wakati wa mvua. Usidhani kwamba mvua iliyomlowesha mgongo imemnywesha.

Mtangulize ng'ombe mtulivu anayeijua njia. Wengine watamfuata, nawe hutahitaji fimbo.

Chagua pa kulala kwanza, ndipo uhesabu mwendo. Tafuta mahali palipoinuka, ambapo maji hayasimami, na pana miti au kilima cha kuzuia upepo. Usilaze ng'ombe bondeni, hata kama majani ni mazuri. Usiku baridi hushuka bondeni, na mto waweza kufurika. Asubuhi tazama kwato. Toa mawe na miiba, osha tope katikati ya kwato. Jeraha dogo likikaa katika tope siku mbili huoza, na ng'ombe hataweza kutembea tena.

Ukifika mtoni na maji ni mengi na mekundu, ngoja. Maji ya mvua ya mlimani hupanda upesi, hushuka upesi. Mara nyingi kesho yake utavuka salama. Haraka haina baraka, na mtoni haina hata kaburi. Penye daraja la magogo, tandika majani na udongo juu yake, ziba nafasi ambazo mguu waweza kuzama, kisha pitisha ng'ombe mmoja mmoja.

5. SAFARI KWA KAMYO

Wengine huona kamyo kuwa ni salama kwa sababu ng'ombe hatembei. Lakini ndani ya kamyo ng'ombe hufanya kazi saa zote: kila kona na kila shimo lazima ajishikilie asianguke. Ng'ombe anayeanguka katika msongamano hukanyagwa, naye hufa upesi.

Hesabu nafasi. Ng'ombe wa kilo 300 ataka meta moja ya mraba. Sanduku la kamyo lenye urefu wa meta 6 na upana wa meta 2 lina meta 12 za mraba. Basi weka ng'ombe 12, si 18. Mwenye kamyo atakuambia kwamba wakibanwa hawataanguka. Usimsikilize. Aliyebanwa akianguka hana nafasi ya kusimama tena. Lakini wakiwa wachache mno nao hutupwa huku na huku. Funga mti wa kukingama katikati, uwagawe.

Sakafuni tandaza mchanga, na juu yake majani makavu. Toa misumari na mbao zilizovunjika. Wapandishe kutoka kwenye kilima cha udongo kilicho sawa na sakafu. Usiwavute kwa mkia wala kuwachoma macho. Kamba iwe ndefu kiasi cha kumwacha ng'ombe ashushe kichwa, lakini isiwe ndefu hata mguu ukaingia ndani yake. Turubai liwe juu tu, likinge mvua ya mgongoni na upepo wa mbele. Pande mbili ziachwe wazi kwa hewa. Mbuzi wasichanganywe na ng'ombe.

Mtu mmoja asafiri pamoja na ng'ombe, wala asilale. Baada ya nusu saa ya kwanza simamisha kamyo, utazame kamba na miguu. Baadaye tazama kila saa mbili au tatu. Kamyo ikikwama katika tope, usiseme, "Itatoka sasa hivi." Saa moja ikipita, tafuta kilima cha udongo, washushe ng'ombe, walishe na uwanyweshe. Kamyo itakuwa nyepesi, itatoka upesi. Na ikikwama mpaka kesho, ng'ombe wako watakuwa wamekula.

6. KUFIKA WALIKALE

Usimchinje ng'ombe saa ile anapofika. Mpe maji, majani, na pumziko la siku moja, na mbili zikiwezekana. Sababu yake ni hii: katika nyama ya ng'ombe aliyepumzika mna sukari, na baada ya kuchinja sukari hiyo hugeuka kuwa ukali unaozuia nyama isioze upesi. Ng'ombe aliyechoka ameitumia sukari yote njiani. Nyama yake huwa nyeusi, yanata mkononi, na huoza mapema. Machimboni hakuna barafu. Mchimbaji aliyenunua nyama iliyonuka kabla ya jioni hatarudi kwako mara ya pili.

Lakini usiwaweke ng'ombe wa Masisi katika mwitu miezi mingi ukingoja bei ipande. Katika mwitu wa bondeni mna mbung'o, nzi anayeleta nagana. Ng'ombe wa mlimani hajauzoea ugonjwa huo. Atakonda, atakosa damu, na mwisho atakufa. Ukitaka kumfuga huko, mwulize kwanza mganga wa mifugo juu ya dawa ya kuzuia.

7. NG'OMBE AKIFA NJIANI

Hili ndilo jambo gumu, nasi hatutalificha. Ng'ombe wako amekufa ghafula. Watu wa kijiji wanakuja na visu, nawe una deni, unafikiri, "Afadhali niuze nyama hii kwa bei ndogo kuliko kupoteza yote."

Usifanye hivyo. Ng'ombe aliyekufa ghafula, tumbo limevimba, na damu nyeusi isiyoganda inatoka puani au nyuma, huenda amekufa kwa kimeta. Ugonjwa huu unaua watu pia. Katika mwezi wa Aprili 2025, viboko 50 na zaidi walikufa kwa kimeta katika Hifadhi ya Virunga, mkoani mwetu humuhumu Kivu ya Kaskazini. Usimpasue, usimchune, usimburute katika mto. Mbegu za kimeta zikitoka katika damu hukaa udongoni miaka mingi, nao watoto wa kijiji hicho watalisha mbuzi wao mahali hapo. Chimba shimo la meta mbili, mzike na ngozi yake yote, mwagia chokaa kama ipo, weka miiba na mawe juu ili mbwa wasifukue. Kisha umpashe habari mganga wa mifugo. Mtu aliyemgusa akitoka kidonda chenye ganda jeusi, aende hospitali siku ileile. Dawa iko, ikiwahi.

Umepoteza ng'ombe mmoja. Hujapoteza kijiji.

KUMBUKA

Mgonjwa abaki nyumbani.
Tumbo lijae kabla ya usiku wa mvua.
Pa kulala pawe pakavu, pasipo upepo.
Kichwa kiweze kuinama.
Kila ng'ombe apate nafasi yake.
Mto uliojaa ungojwe.
Aliyefika apumzike kabla ya kisu.
Aliyekufa ghafula azikwe, asiliwe.

Ukifika sokoni, usihesabu vichwa tu. Mpitishie kila ng'ombe mkono juu ya mbavu na mgongo. Hapo utajua ni ng'ombe wangapi waliofika kweli.