Hakuna Kilichopanda Kichwani

Swali huja hata kabla mtoto hajawekwa kitandani: "Daktari, imepanda kichwani?" Huulizwa Bungoma, huulizwa Kitale, na mwulizaji huwa ameshajijibu. Mtoto alianza na mafua, akakohoa siku mbili, mwili ukachemka, kisha akakakamaa, macho yakageuka, mikono na miguu ikarukaruka. Basi homa ilipuuzwa, ikawa malaria, na malaria ikapanda kichwani. Kinachotakiwa kwangu ni sindano ya kuishusha.

Hakuna kilichopanda. Naeleza jambo hili leo kwa kirefu ili nisilazimike kulieleza tena Jumatatu.

Mafua huletwa na virusi. Malaria huletwa na kimelea kinachosambazwa na mbu. Mafua yakae wiki, yakae mwezi, hayageuki malaria. Kinachotokea ni hiki: influenza, au virusi vingine vya kifua, hupandisha joto la mtoto aliye kati ya miezi 6 na miaka 5, na ubongo ambao bado haujakomaa huvurugika kwa dakika chache. Hiyo ndiyo degedege ya homa. Virusi vyenyewe viko puani na kifuani, vilipokuwa tangu mwanzo. Ulaya na Marekani, ambako malaria si tatizo la kila siku, watoto 2 hadi 5 katika kila 100 hupata degedege hii. Hao nao malaria iliwapandia wapi?

Upo ugonjwa mkali zaidi wa ubongo unaofuata influenza, na madaktari wa Japani wameuchunguza miaka mingi. Hata huo, mara nyingi virusi havionekani katika maji ya uti wa mgongo. Kinachoumiza ubongo ni kinga ya mwili wenyewe iliyopita kiasi. Ni nadra, unaua, na sindano ya malaria haiugusi.

"Lakini alidungwa akapona!" Angepona bila kudungwa. Degedege ya homa ya kawaida haifiki dakika 15, na nyingi hazifiki hata 5. Mtoto husinzia kidogo, kisha huamka akitaka uji. Kuisifu sindano hapo ni kumlipa mganga wa mvua wakati mawingu yameshaufunika Mlima Elgon.

"Lakini kipimo kilionyesha malaria!" Hapa hata wahudumu wenzangu huteleza. Bungoma ni eneo la malaria mwaka mzima, na watoto wengi hucheza uwanjani wakiwa na vimelea damuni bila kuugua. Tena kipimo cha haraka kinaweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya mtoto kutibiwa na kupona. Kwa hiyo kinakuambia kwamba kimelea kipo, au kilikuwepo. Hakikuambii kwamba ndicho kilichomkakamaza mtoto aliyekuwa akitoka kamasi tangu juzi. Kitale, ambako ni karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na baridi haimpendezi mbu huyo, hoja hii ni dhaifu zaidi. Sindano inauzwa vilevile.

Sikusema malaria ya ubongo haipo. Ipo, na inaua. Chembe za damu zenye vimelea hunasa katika mishipa midogo ya ubongo, mtoto akapoteza fahamu, na saa nzima baada ya degedege kukoma bado haamki hata ukimfinya. Ndiyo maana kila mtoto wa huku mwenye homa na degedege lazima apimwe malaria. Apimwe, kisha tuendelee kufikiri. Blantyre, Malawi, watafiti akiwemo Terrie Taylor walifungua miili ya watoto 31 waliohesabiwa kuwa wamekufa kwa malaria ya ubongo, wakatoa matokeo mwaka 2004: watoto 7 walikuwa wameuawa na jambo lingine. Hao waliangaliwa wodini, na madaktari waliobobea katika ugonjwa huo. Wewe unaamua ukiwa umeegemea kaunta ya chemisti.

Na gharama ya uamuzi huo si pesa ya sindano tu. Mtoto mwenye bakteria katika utando wa ubongo anahitaji antibiotiki mapema. Kila saa anayokaa akingojewa "malaria ishuke" inaweza kumwachia uziwi, kifafa au kaburi.

Sasa ya kufanya mtoto akishikwa na degedege. Mlaze ubavu, mwondolee vitu vya kumuumiza, tazama saa. Usitie kijiko mdomoni, wala kidole, wala dawa, wala maji. Ikipita dakika 5, ikirudia siku hiyohiyo, ikishika upande mmoja, mtoto asipozinduka, shingo ikikaza, au akiwa chini ya miezi 6 au zaidi ya miaka 5: boda boda, gari, chochote, hadi hospitali ya rufaa ya Bungoma, Webuye, au Wamalwa Kijana pale Kitale. Hata ikiisha upesi, aonwe siku hiyo. Daktari akitaka kutoa maji ya mgongoni, kubali. Sindano huingia chini ya pale uti unapoishia, haipoozeshi. Paracetamol humpa nafuu lakini haizuii degedege. Aspirini asipewe kabisa, kwani pamoja na mafua inaweza kuharibu ini na ubongo wake. Soma pakiti, maana imo katika vidonge vingi vya maumivu. Chanjo za wiki ya 6, 10 na 14, na za surua miezi 9 na 18, zisirukwe. Mtoto 1 kati ya 3 hurudiwa na degedege ya homa, na walio wengi hawapati kifafa.

Mkifika nitauliza ilichukua dakika ngapi, ilianzia upande gani, na aliamka baada ya muda gani. Njooni na majibu hayo. Jina la ugonjwa niachieni mimi.