Mkalimani wa Skrini

Kabla ya kwenda Opala kurekodi Kimbole, kagua kompyuta yako. Maandishi yakiwa makubwa kupita kiasi au video ya msimulizi ikikwamakwama, huenda kiendeshi cha grafiki kina kasoro. Kifaransa hukiita «pilote», rubani. Mimi ningekiita mkalimani. Windows hutoa amri, nacho huzifasiri kwa lugha ya chipu ya grafiki iliyomo ndani ya prosesa.

Kihuishe ukiwa bado Kisangani, kwenye intaneti nzuri. Kwanza nakili rekodi zako kwenye fleshi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, chagua «Gestionnaire de périphériques», kisha «Cartes graphiques». Ukikuta jina la Microsoft badala ya Intel au AMD, mkalimani halisi hayupo.

Pakua kiendeshi kutoka tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta yako, kwani huenda imekirekebisha kwa ajili ya mashine hiyo. Faili lenyewe safiri nalo. Kipya kikileta matatizo, dirisha hilohilo huruhusu kurudisha cha zamani.

Na kama skrini haina tatizo, usibadilishe kitu siku ya kuamkia safari: mkalimani mgeni naye hukosea.