Pilar Bardem, Mama wa Waigizaji

Wengi wetu tumesikia habari za Javier Bardem, mwigizaji wa Hispania mwenye sauti nzito. Mama yake hatumjui sana. Mwezi huu hebu tumwache kijana pembeni kidogo, tumtazame mama.

Pilar Bardem alizaliwa Sevilla tarehe 14 Machi 1939, siku chache tu kabla vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania havijaisha. Baba yake, Rafael Bardem, na mama yake, Matilde Muñoz Sampedro, walikuwa waigizaji. Dada za mama yake pia waliigiza. Kaka yake, Juan Antonio, akawa mtengenezaji wa filamu aliyesifika Ulaya nzima kwa filamu yake ya mwaka 1955, "Muerte de un ciclista". Mwaka uliofuata polisi wa Jenerali Franco walimkamata akiwa katikati ya kutengeneza filamu nyingine. Basi katika nyumba ile kazi ya sanaa haikuwa starehe wala utajiri. Ilikuwa ni jembe la familia.

Pilar mwenyewe alianza kwa kuonyesha mavazi, kisha miaka ya 1960 akaingia katika filamu. Sehemu alizopewa zilikuwa ndogondogo: jirani, mtumishi, mwanamke wa sokoni. Aliolewa, akazaa Carlos, Mónica na Javier. Mtoto mwingine alifariki muda mfupi baada ya kuzaliwa. Javier alizaliwa mwaka 1969, na haikupita miaka mingi ndoa ikavunjika. Pilar akabaki na watoto watatu mikononi.

Akina mama, msipite hapa haraka. Katika Hispania ya Franco, mke alihitaji idhini ya mumewe ili afanye kazi au afungue akaunti ya benki. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1975. Talaka nayo haikuruhusiwa hadi mwaka 1981. Mwanamke aliyeachana na mumewe hakuwa mke kamili wala hakuwa huru, na majirani walikuwa na macho. Pilar alifanya kila kazi iliyobisha hodi: jukwaani, katika filamu, na katika michezo ya kuigiza ya televisheni ya taifa. Watoto walikua wakizunguka nyuma ya mapazia. Mwaka 1974 Javier, bado mtoto mdogo, naye alionekana katika mchezo wa televisheni.

Sifa kubwa ilimjia Pilar akiwa na umri wa miaka 56. Ilikuwa mwaka 1995, katika filamu "Nadie hablará de nosotras cuando hayamos muerto" ya Agustín Díaz Yanes. Humo yeye ni Doña Julia, bibi aliyewahi kuteswa kwa ajili ya siasa zake. Mwanawe, mpigana na mafahali, amelala miaka kadhaa bila fahamu. Mkwewe, Gloria, anarudi nyumbani akiwa amezama katika ulevi. Bibi hamsuti. Anamsukuma arudi kwenye masomo apate cheti. Mimi ni muuguzi, na nimeona familia nyingi zinazomlea mgonjwa wa kitandani asiyejibu neno. Ule uchovu wa Doña Julia, usio na machozi, ni wa kweli kabisa. Mwisho wa filamu sitausimulia, ila ni mzito, na si wa watoto. Pilar alipata tuzo ya Goya, iliyo kubwa kuliko zote za filamu nchini mwake.

Mwaka 1997 Pedro Almodóvar alimpa sehemu fupi katika "Carne trémula". Ni usiku wa Januari 1970, mitaa ya Madrid ni mitupu kwa sababu ya amri ya hali ya hatari. Msichana ameshikwa na uchungu, gari la wagonjwa halipo, na mtoto anazaliwa ndani ya basi. Mkunga wa dharura ni Pilar, akiigiza bibi mwenye maneno mengi na mkono usiotetemeka. (Kwa upande wa usafi wakunga wenzangu mtaguna!) Msichana yule aliigizwa na Penélope Cruz. Mwaka 2010 Penélope aliolewa na Javier, hivyo Pilar alikuwa amemzalisha mkwewe miaka 13 kabla hajawa mkwe.

Uzee haukumweka kando. Kuanzia mwaka 2002 hadi 2018 aliongoza AISGE, chama kinachowakusanyia waigizaji malipo kila kazi zao zinaporushwa tena, na kuwasaidia walioishiwa uzeeni. Mwaka 2003 alikuwa mstari wa mbele kupinga vita vya Iraq, jambo lililomletea matusi mengi. Mwaka 2005 watazamaji wa televisheni walimwona katika tamthilia ya "Amar en tiempos revueltos", na mwaka huohuo akatoa kitabu cha maisha yake.

Februari 2008 Javier alipopokea Oscar, alimpeleka mama yake ukumbini. Akiwa jukwaani aliacha Kiingereza, akamgeukia kwa Kihispania na kusema kuwa tuzo ile ni yake, ya babu na bibi zake, na ya wazazi wake Rafael na Matilde.

Pilar alifariki Madrid tarehe 17 Julai 2021, akiwa na miaka 82, baada ya kusumbuliwa na mapafu. Watoto wake watatu waliandika kwamba aliondoka kwa amani, bila maumivu, akiwa amezungukwa na watu wake.